Kumtumaini Mungu Badala ya Kujitegemea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na Wakristo wa kila aina: waliookoka juzi, wazee wa kanisa wenye miaka mingi katika imani, na watu waliochoka kubeba mambo peke yao. Majibu yanafuata Biblia, na pale Biblia iliponyamaza nimesema maoni yangu. Si lazima usome kwa mpangilio. Nenda moja kwa moja kwenye swali linalokusumbua.

Nikimtumaini Mungu, ina maana niache kupanga na kufanya kazi?

Hapana, na anayelionyesha hili vizuri kuliko wote ni Nehemia, Myahudi aliyemhudumia mfalme wa Uajemi. Alipopata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomolewa, alilia, akafunga, akaomba. Kuanzia mwezi wa Kisleu alipopata habari hizo hadi mwezi wa Nisani aliposimama mbele ya mfalme Artashasta ni kama miezi minne, na katika muda wote huo hatusomi kwamba alifanya jambo jingine zaidi ya kuomba. Lakini mfalme alipomuuliza anataka nini, majibu yalikuwa tayari: muda atakaokuwa safarini, barua kwa maliwali walio ng'ambo ya Mto, na barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe mbao. Mtu anayemjua hata mlinzi wa msitu kwa jina hakuwa amekaa tu akingoja muujiza. Na hata hapo, kati ya swali la mfalme na jibu lake, anasema alimwomba kwanza Mungu wa mbinguni. Bila shaka aliomba kimoyomoyo, maneno mawili matatu, huku mfalme akimtazama.

Baadaye maadui walipopanga kuja kuwashambulia wajenzi, Nehemia anaandika kwamba walimwomba Mungu wao, wakaweka walinzi mchana na usiku. Ameyasema yote mawili kwa pumzi moja, wala haoni kwamba moja linalipinga lingine. Ukuta ulikwisha kwa siku 52, na waliokuwa wakiudhihaki wakatambua kwamba kazi ile imefanywa na Mungu. Watu waliojenga kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika silaha hawakuona kwamba kusema hivyo ni kuwanyang'anya jasho lao.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye wingi wa kazi. Watu wawili wanaweza kuandaa mpango uleule, kwa bidii ileile, wakachelewa kulala sawasawa. Mpango ukivunjika, mmoja anavunjika nao kwa sababu alikuwa ameuegemea kwa uzito wake wote. Mwingine anaumia, anakaa chini, kisha anarudi kwa Mungu kumuuliza sasa tunafanyaje.

Mbona imeandikwa "Jisaidie nami nitakusaidia"?

Haijaandikwa. Tafuta kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, hutauona mstari huo. Ni usemi uliozoeleka mpaka ukavishwa joho la Maandiko, na siku hizi utausikia hata mimbarani. Una chembe ya ukweli ndani yake: Mithali inamtuma mvivu aende kwa chungu akajifunze, na Paulo aliwaambia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, basi, asile. Ubaya wake ni kwamba unamfanya Mungu awe mtu wa kuongezea tu, anayengoja kuona wewe umefika wapi ndipo naye atie mkono. Injili inaanzia kwingine kabisa. Warumi 5:6 inasema Kristo alikufa kwa ajili ya waovu "hapo tulipokuwa hatuna nguvu". Asiye na nguvu hana cha kujisaidia nacho.

(Ndugu zetu Waislamu wana mapokeo mashuhuri ya Mtume kumwambia mtu amfunge ngamia wake kisha atawakali, yaani amtegemee Mungu. Hapo mambo mawili yanakwenda pamoja, na nadhani Nehemia angeitikia kwa kichwa.)

Mimi husali kila siku. Nitajuaje kama bado najitegemea?

Kusali peke yake si kipimo. Angalia sala inaingia wakati gani. Wengi wetu huamua kwanza, tukapiga simu, tukaahidi, tukasaini, ndipo tukampelekea Mungu agonge muhuri. Wakati huo hatuombi tena, tunatoa taarifa.

Kipimo kingine ni saa nane za usiku. Umelala, lakini kichwa kinapiga hesabu ileile kwa mara nyingine tena: kikiingia hiki nitalipa kile, fulani akikataa nitamwendea fulani, nikimwambia hivi naye atajibu vile. Unaishika simu kuangalia kama ujumbe wako umejibiwa, ingawa unajua fika kwamba uliyemwandikia naye amelala. Mwanga wa kioo unakuumiza macho. Unaizima, unageukia ukutani, na hesabu inaanza upya. Saa hiyo hakuna jipya unalolipata. Unachofanya ni kukesha zamu, kana kwamba ukisinzia tu dunia itabaki bila msimamizi. Zaburi ya 127 inamsema mtu huyu, anayeamka mapema na kukawia kwenda kulala, na inamwambia kwamba anajichosha bure, maana Mungu humpa mpenzi wake usingizi.

Zipo na dalili ndogo ndogo. Ukimkabidhi mwenzako kazi, humwachii. Unamsimamia kichwani mpaka aimalize kama ambavyo ungeifanya wewe. Sifa zinakulewesha, na lawama ndogo inakulaza na viatu. Nyingine ambayo mimi naiamini kuliko zote ni kuwadharau, hata kama ni kimoyomoyo, walioshindwa pale ulipofaulu. Kama unaamini kweli kwamba umefika hapo kwa neema, dharau hiyo imetoka wapi?

Lakini nikijitegemea mambo yangu yananyooka. Kuna ubaya gani?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, kwa sababu mahubiri mengi hulijibu kwa mkato: ukijitegemea utaanguka. Si kweli kila mara. Wako watu chungu nzima wanaojitegemea na wanafanikiwa, na Biblia yenyewe haifichi hilo. Soma habari za Asa, mfalme wa Yuda, katika 2 Mambo ya Nyakati sura ya 14 hadi ya 16.

Asa alianza vizuri. Zera Mkushi alipomjia na jeshi la watu elfu elfu na magari 300, Asa alitoka kwenda kupigana, lakini kabla ya vita alimlilia Mungu akikiri kwamba hakuna mwingine wa kusaidia kati ya mwenye nguvu na asiye na nguvu. Akashinda. Ikafuata miaka mingi ya amani.

Kisha, katika mwaka wa 36 wa ufalme wake, Baasha mfalme wa Israeli akaanza kuujenga Rama uwe ngome, ili mtu asitoke wala kuingia kwa Asa. Ukilinganisha na Zera, tishio hili lilikuwa dogo. Safari hii Asa hakulia. Alifungua hazina, akatoa fedha na dhahabu za nyumba ya Bwana na za nyumba ya mfalme, akazipeleka Dameski kwa Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, ili avunje agano lake na Baasha. Ben-hadadi akakubali, akaipiga miji ya Israeli upande wa kaskazini. Baasha akaiacha kazi ya Rama. Asa akawachukua watu wake wote, wakayabeba mawe na miti aliyojengea Baasha, akaitumia kujenga Geba na Mispa.

Tazama matokeo: hakupoteza askari, njia imefunguka, na vifaa vya ujenzi amevipata bure kutoka kwa adui. Mshauri yeyote wa vita angempongeza. Ndipo akaja Hanani mwonaji na kumwambia kwamba ametenda upumbavu. Kwa nini, na mpango umefaulu? Kwa sababu alimtegemea mfalme wa Shamu wala hakumtegemea Bwana, na kwa kufanya hivyo jeshi la Shamu lenyewe likamponyoka. Asa alipata alichotaka, akakosa kikubwa zaidi ambacho hakuwaza hata kukiomba. Hanani alimkumbusha habari za Wakushi: uliwahi kufanya tofauti, unakumbuka?

Yaliyofuata ndiyo yanayonitisha mimi. Asa alikasirika, akamtia Hanani gerezani, na wakati uleule akawaonea baadhi ya watu. Miaka mitatu baadaye akaugua miguu, ugonjwa ukazidi sana, na hata hapo hakumtafuta Bwana. Akafa katika mwaka wa 41 wa kutawala kwake. Mtu aliyewahi kuomba vile mbele ya jeshi la watu elfu elfu alifika mahali ambapo hata maumivu ya mwili wake mwenyewe hayakumrudisha magotini.

Mtu akijitegemea na kushindwa, mara nyingi kushindwa kwenyewe humrudisha kwa Mungu akilia. Akijitegemea na kufaulu, hana sababu ya kurudi. Kila ushindi unampa hoja ya kutoomba safari ijayo. Musa aliwaonya Waisraeli juu ya jambo hili kabla hawajaingia nchi njema, wasije wakashiba, wakajenga nyumba nzuri, kisha wakasema mioyoni mwao kwamba ni nguvu zao na uweza wa mikono yao uliowapatia utajiri huo (Kumbukumbu la Torati 8). Ndiyo maana jeshi la Gideoni lilipunguzwa kutoka watu 32,000 hadi 10,000, kisha 300. Sababu imetajwa waziwazi: Israeli wasije wakajisifu kwamba mkono wao wenyewe ndio uliowaokoa.

Kwa hiyo ikiwa mambo yako yananyooka, mshukuru Mungu, lakini jiulize ni lini mara ya mwisho uliomba jambo kwa sababu ulilihitaji kweli.

Je, kwenda hospitali au kunywa dawa ni kukosa imani?

Hapana. Wanaosema hivyo hupenda kuutumia mstari unaosema Asa katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana bali waganga. Kosa lake limetajwa hapohapo: hakumtafuta Bwana. Mlinganishe na mfalme Hezekia. Naye aliugua, akageuza uso wake ukutani, akaomba akalia sana, na Mungu akamwongezea miaka 15. Kisha Isaya, nabii yuleyule aliyemletea ahadi hiyo, akaagiza ziletwe tini ziwekwe juu ya jipu, naye akapona. Ahadi ilikwisha kutoka, na dawa ikatumika.

Luka anaitwa tabibu mpendwa, na Paulo alimshauri Timotheo jambo la kufanya kwa ajili ya tumbo lake. Anayekuambia uache dawa ili uthibitishe imani yako usimsikilize, hata kama ameshika kipaza sauti.

Na kuwategemea watu je? Si tumeambiwa amelaaniwa amtegemeaye mwanadamu?

Malizia mstari: "na moyoni mwake amemwacha Bwana". Yeremia 17 haikatazi kupokea msaada. Tena kuna wanaojiita wanamtegemea Mungu tu, kumbe hawapendi kumwomba mtu yeyote kitu kwa sababu ya kiburi. Wamekunywa sana ile methali ya mtegemea cha nduguye. Musa alikuwa akiwaamua watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, mpaka mkwewe Yethro alipomwambia kwamba atajidhoofisha yeye na watu pia, agawe kazi kwa wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Musa hakujibu kwamba Mungu anamtosha. Alisikiliza, akagawa.

Nilimtumaini Mungu kabisa na jambo halikutokea. Nilikosea wapi?

Huenda hukukosea popote. Naandika hivyo mapema kwa sababu watu wengi wamebebeshwa hatia isiyo yao: mtoto hakupona, kazi haikupatikana, ndoa haikupona, halafu mtu akaja kuwaambia kwamba imani yao ilikuwa pungufu.

Fungua Waebrania 11, sura ambayo watu huipenda kwa ajili ya ushindi wake. Mstari wa 34 unawataja waliookoka na makali ya upanga kwa imani. Mstari wa 37 unawataja waliouawa kwa upanga. Ni imani ileile, ndani ya orodha ileile, na mwandishi hasemi kwamba wa kundi la pili walikuwa na imani ndogo. Anasema wote walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao.

Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru. Kisha wakaongeza maneno ambayo ni vigumu sana kuyatamka: "Bali kama si hivyo". Hata asipotuokoa, hatutaisujudia sanamu yako. Walisema hivyo kabla hawajajua mwisho wa hadithi. Sisi tunaisoma tukiwa tunajua kwamba walitoka bila hata harufu ya moto, kwa hiyo tunauruka upesi mstari huo. Uzito wake unaonekana ukijaribu kuusema leo, mbele ya jambo lako wewe, kwa sauti.

Paulo naye aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini uondolewe. Haukuondolewa, aliambiwa kwamba neema inamtosha. Na kuhusu dhiki iliyompata Asia anaandika kwamba walilemewa kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Hafichi. Anasema yaliwapata hayo ili wasijitumainie nafsi zao bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu. Angalia amemtaja Mungu kwa sifa ipi. Nguvu za mtu zina faida mpaka kaburini; tumaini la Paulo linaanzia pale ambapo hazifiki.

Kama jambo lako limeishia vibaya, ruhusa ya kulia unayo. Zaburi nyingi ni malalamiko, na ya 88 inaishia gizani bila kugeuka kuwa shangwe. Nayo imo ndani ya Biblia.

Kuwa na wasiwasi ni dhambi?

Kuhisi hofu si sawa na kuacha kumtumaini Mungu. Daudi anasema siku ya hofu yake atamtumaini Bwana, maana yake hofu ilikuwepo. Yule baba katika Marko 9 alisema anaamini, akaomba papo hapo asaidiwe kutokuamini kwake, na mwanawe akaponywa. Lakini kama wasiwasi umekufikisha mahali huli, hulali au huwezi kufanya kazi kwa majuma, ongea pia na daktari au mshauri wa afya ya akili. Rudi kwenye jibu la Hezekia hapo juu.

Nitatofautishaje uongozi wa Mungu na mawazo yangu mwenyewe?

Kwa unyenyekevu, na si mara zote kwa uhakika. Biblia inaonyesha zaidi jinsi watu wanavyokosea hapa kuliko inavyotoa kanuni. Yoshua na wakuu wa Israeli walijiwa na watu wa Gibeoni waliojifanya wametoka nchi ya mbali. Walionyesha ushahidi: viriba vikuukuu vilivyopasuka na kutiwa viraka, viatu vilivyochakaa, mkate mkavu ulioota ukungu. Waisraeli wakakitwaa chakula, wakakiangalia, ushahidi ukawaridhisha. Maandiko yanasema hawakutaka shauri kinywani mwa Bwana. Wakafanya agano, na baada ya siku tatu wakagundua kwamba wale ni majirani zao.

Walitumia macho na akili, na hilo halikuwa kosa. Walikosea kudhani kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuombewa. Sisi pia huomba sana juu ya mambo yanayotutatiza, tukayapitisha bila sala yale yanayoonekana mepesi. Mithali 3 haisemi usitumie akili. Inasema usizitegemee, na inataka umkiri Mungu katika njia zako zote, hata zile unazoziona zimenyooka tayari.

Kwa vitendo: pima jambo kwa Maandiko, shauriana na waumini wakomavu wasionufaika na uamuzi wako, na lipe muda kama muda upo. Jihadhari na neno "Bwana ameniambia", likitoka kwako au kwa mwingine, hasa linapotumika kufunga mjadala. Wanaolitumia sana mara nyingi ndio wasiotaka kuulizwa swali la pili.

Kuna tofauti gani kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu?

Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamnukulia Zaburi ya 91, akamwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua. Kwa nje hiyo ingeonekana imani kubwa ajabu. Yesu akajibu kwamba imeandikwa usimjaribu Bwana Mungu wako. Kutumaini ni kutii pale alipokutuma, hata kama huoni mwisho. Kumjaribu ni kujitengenezea hatari ambayo hakukutuma, kisha kumdai aje kukuokoa.

Wanaotoa akiba yote ya familia kwa sababu mhubiri ameahidi itarudi mara mia wako kwenye kinara hicho. Kutoa ni jambo jema. Kumlazimisha Mungu kwa kutoa ni jambo lingine, na ukilitazama vizuri utaona ni kujitegemea kulekule: unaamini kwamba mkono wako ukifanya kitendo fulani, matokeo hayana budi kufuata.

George Müller, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya yatima mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1836, anajulikana kwa kutowaomba watu fedha bali kumwomba Mungu tu. Watoto zaidi ya 10,000 walilelewa katika nyumba zake. Watu husahau kwamba Müller huyohuyo aliandika hesabu za michango kwa uangalifu mkubwa na kuzitoa hadharani kila mwaka. Njia yake si amri kwa kila mtu, lakini anayemtaja ili kutetea matumizi yasiyo na hesabu hamjui.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye jambo moja. Ukisema "namkabidhi Mungu maisha yangu yote" unaweza ukawa hujamkabidhi kitu. Litaje kwa jina: mkutano wa Jumatatu, majibu ya vipimo, kijana wako asiyepokea simu zako. Sema unachokiogopa hasa kama mambo yakienda kombo. Kisha sema unachoweza kufanya leo, ukifanye, na kile kisicho mikononi mwako ukimwachie. Kitarudi kichwani baada ya robo saa, kimwachie tena. Petro anasema tumtwike Mungu fadhaa zetu zote, na hakuna aliyesema fadhaa hutwikwa mara moja tu.

Zoezi la pili ni kupumzika, na kwa watu wachapakazi hili ni gumu kuliko kufunga. Kule jangwani mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli kila siku, ikibakizwa hadi asubuhi iliingia mabuu, isipokuwa ile ya siku ya sita, ambayo ilibaki salama kwa ajili ya sabato. Hata hivyo baadhi ya watu walitoka siku ya saba kwenda kuokota, wasipate kitu. Chakula cha siku hiyo kilikuwa kimo hemani mwao! Chagua siku moja katika juma usiyofanya kazi ya riziki wala kuangalia ujumbe wa kazi, uone moyo unavyogombana nawe. Ugomvi huo utakufundisha mengi juu ya nani unayemtumaini.

La tatu ni dogo: kabla ya kujibu ujumbe uliokukasirisha, fanya kama Nehemia mbele ya mfalme.

Inachukua muda gani kujifunza hili?

Abrahamu aliitwa akiwa na miaka 75. Alipofika 86 alikuwa amechoka kungoja, Ishmaeli akazaliwa kwa njia waliyoibuni yeye na Sara. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Katikati ya hayo, Abrahamu alidanganya huko Misri kwamba Sara ni dada yake ili asiuawe, na miaka mingi baadaye, baada ya ahadi na maagano yote, akarudia uongo uleule mbele ya Abimeleki. Huyu ndiye baba wa imani. Ukijikuta unarudia kosa ulilodhani umelimaliza, huko nyuma yupo mwenzako.

Rafiki yangu anapitia magumu. Nimwambie tu amtumaini Mungu?

Usianzie hapo. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizomfaa. Wakaharibu walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake. Mtu aliyezama kwenye shida mara nyingi anaujua mstari unaotaka kumsomea, tena pengine aliwahi kuwahubiria wengine. Kinachomshinda ni kuamini kwamba bado hajaachwa, na hilo ataliona kwako kabla hajalisikia.

Omba naye, kwa kifupi. Kisha muulize ni kitu gani hakijafanyika: fomu isiyojazwa, mgonjwa wa kukaa naye usiku, simu anayoogopa kuipiga. Chukua kimoja ukifanye, na juma lijalo urudi bila kungoja akuite.